Ukiona Vyaelea, Uliza Palikuwa na Nini

Wahenga walitwambia kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Katika miaka yote niliyosimama mbele ya ubao, methali hii nimeitoa mara nyingi hata siwezi kuhesabu, na kila mara niliifasiri kwa njia moja: kwamba kizuri hakiji chenyewe, kwamba nyuma ya jahazi yupo fundi aliyetokwa na jasho, na kwa hivyo mwanafunzi naye hana budi kutokwa na jasho. Fasiri hiyo si mbaya, ila ni nusu ya methali. Jahazi huundwa kwa mbao, mbao hutoka kwenye mti, na mti ule kabla haujaangushwa ulikuwa umesimama mahali fulani, ukiwatilia kivuli watu fulani. Nusu hiyo ya pili sikuifundisha kwa sababu sikuwahi kuifikiria, hadi siku nilipoingia katika kanisa moja la kale katika mji wa Nuremberg, kusini mwa Ujerumani.

Ilikuwa Mei 2018. Nilikuwa nimehudhuria kongamano la Kiswahili huko Bayreuth, ambako wataalamu wa lugha yetu wamekuwa wakikutana tangu miaka ya 1980. Shughuli zilipokwisha, nilibakiwa na siku moja kabla ya kurejea Nairobi. Mwenyeji wangu, mzee wa Kijerumani aliyeishi Moshi ujanani mwake na anayekisema Kiswahili kwa ufasaha wa kuwatia aibu baadhi yetu, akaniambia, "Mwalimu, mgeni haondoki bila kuonyeshwa mji." Tukapanda garimoshi, na baada ya muda wa saa moja hivi tukawa Nuremberg.

Moyo wa mji ule ni uwanja mpana uliosakafiwa kwa mawe, uitwao Hauptmarkt, maana yake Soko Kuu, na jina halikukosea. Tulikuta wachuuzi chini ya vibanda vya turubai wakiuza maua, mkate, jibini na stroberi. Kwenye pembe moja ya uwanja kuna kisima cha mapambo kilichojengwa mwishoni mwa karne ya 14, chenye kimo cha mita 19 na sanamu 40, kilichochongoka kama mnara wa kanisa uliozama ardhini ukabakiza ncha yake tu. Katika uzio wake wa chuma imo pete ya rangi ya dhahabu ambayo wageni huizungusha huku wakinuia haja zao. Nami niliizungusha. Sikuona sababu ya kujinyima.

Upande wa mashariki wa uwanja, likiwa limewaelekea wachuuzi wote, limesimama Kanisa la Bikira Maria ambalo Wajerumani huliita Frauenkirche. Si kanisa kubwa. Lipo humo mjini kanisa la Mtakatifu Lorenz na la Mtakatifu Sebald, na yote mawili yanalizidi kwa ukubwa. Lakini uso wake unamsimamisha mtu. Kipaa chake kimepanda ngazi kwa ngazi hadi kileleni, kila ngazi imejaa vijumba vidogo vya mawe kama matundu ya njiwa, na mbele yake kuna ukumbi wa kuingilia uliochongwa sanamu nyingi kiasi kwamba jicho halijui lianzie wapi.

Wanafunzi wa sanaa na historia wanafahamu kwamba mtindo huu huitwa Gothiki, na kwamba ulizuka Ufaransa katika karne ya 12. Tao la Gothiki halikuviringwa kama la Kirumi, bali limechongoka juu mithili ya viganja viwili vilivyokutanishwa kwa dua. Kwa tao kama hilo uzito wa dari huteremkia kwenye nguzo na mihimili, kuta zikapunguziwa mzigo, na fundi akapata nafasi ya kuzitoboa madirisha marefu ya vioo vya rangi. Kwa maneno mengine, huo ni ujuzi wa kulifanya jiwe zito lionekane jepesi. Ni ujuzi wa kweli, na mtu asiyeusifu ana husuda.

Tulifika karibu na saa sita mchana, na uwanja ulikuwa umefurika watu walioinua nyuso na simu zao kuelekea juu ya mlango wa kanisa. Huko juu ipo saa ya kale iliyoundwa kati ya mwaka 1506 na 1509. Ilipotimia saa sita kamili, sanamu za wapiga tarumbeta na ngoma zikaanza kutikisika; kisha kimlango kikafunguka na sanamu saba za wakuu wenye mavazi ya rangi zikatoka kwa mstari, zikamzunguka kaizari aliyeketi katika kiti chake mara tatu, zikaingia kwenye kimlango cha upande wa pili. Kaizari huyo ni Karl wa Nne, na wale saba ndio waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme wa Ujerumani kwa mujibu wa hati mashuhuri aliyoitoa mwaka 1356. Kwa zaidi ya miaka 500 saa ile imekuwa ikimpa Karl heshima zake.

Sanamu zilipokwisha kuingia, watu walipiga makofi, wakatazama picha zao, wakatawanyika kwenda kula. Haikupita hata robo saa. Ningekwenda nao, na leo ningekuwa nikiwasimulia juu ya sanamu zinazocheza, kama mwenyeji wangu hakunishika mkono na kuniambia, "Bado hujaona kitu."

Ndani mlikuwa kimya na baridi. Kanisa lile lina umbo linalokaribia mraba; nguzo nne nene za mviringo zimelibeba dari lote, na sehemu zake zote tatu zina kimo kimoja, hivyo mtu huhisi yuko katika baraza la heshima wala si katika njia nyembamba ya kuelekea altare. Mbele kabisa kuna michoro ya altare ya karne ya 15, iliyosheheni dhahabu. Hapo ndipo nilipowaona wanafunzi wapatao 20, wa umri wa kidato cha pili au cha tatu, wamesimama nusu duara na mwalimu wao. Nilidhani wanaitazama ile dhahabu, lakini macho yao yalikuwa sakafuni.

Sakafuni palikuwa na nyota yenye pembe sita, Nyota ya Daudi, alama ya Wayahudi, imepachikwa katika mawe ya kanisa la Kikatoliki. Mwenyeji wangu akaanza kunitafsiria maneno ya mwalimu yule kwa sauti ya chini, na niliyoyasikia, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Hadi mwaka 1349 hapakuwa na uwanja mahali pale, wala soko, wala kanisa. Palikuwa na mtaa wa Wayahudi na sinagogi lao. Walikuwa wamejenga hapo kwa sababu palikuwa kinamasi kando ya mto Pegnitz, ardhi ambayo wengine hawakuitamani. Miaka ikapita, mji ukapanuka ng'ambo zote mbili za mto, na kile kinamasi kikajikuta kimekuwa kitovu cha mji. Msomaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa jinsi kinamasi kinavyogeuka kuwa kiwanja cha thamani.

Miaka hiyo tauni ilikuwa ikiifyeka Ulaya, na uvumi ulikuwa umeenea kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Ulikuwa uwongo mtupu. Papa Clement wa Sita aliukanusha rasmi mwaka 1348, akieleza kwamba tauni inawaua Wayahudi vilevile. Lakini uwongo wenye faida haukosi wanunuzi. Matajiri wa Nuremberg walihitaji soko, na baadhi ya watu walikuwa na madeni kwa Wayahudi. Kwa sheria za wakati huo Wayahudi walikuwa chini ya ulinzi wa mfalme mwenyewe, nao waliulipia ulinzi huo kodi mwaka baada ya mwaka. Mfalme huyo alikuwa Karl wa Nne, yule yule ambaye sanamu saba humzunguka kila adhuhuri.

Tarehe 16 Novemba 1349 Karl alitoa hati iliyouruhusu mji kuzibomoa nyumba za Wayahudi, kufanya viwanja viwili vya soko, na mahali pa sinagogi kujenga kanisa kwa heshima ya Bikira Maria. Wenye nyumba hawakuulizwa. Siku 19 baadaye, tarehe 5 Desemba, wenye mji waliuvamia mtaa ule. Kitabu cha kumbukumbu cha jumuiya ya Wayahudi kimehifadhi majina ya waliouawa, na majina hayo ni 562. Wengi wao walichomwa moto.

Naomba mwanafunzi atue hapa na kuutazama mpangilio wa mambo. Hati ilitangulia, mauaji yakafuata. Haukuwa wazimu wa ghafla wa kundi la wahuni ambao serikali ilishindwa kuuzuia. Mpango wa uwanja ulikuwa umekwisha kuandikwa na kupigwa muhuri wakati watu wangali wakipika na kulala katika nyumba zilizokuwa zimechorwa kuwa soko. Kalamu ilitangulia upanga, na aliyeishika ni yule aliyelipwa kuwalinda. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1352, ujenzi wa kanisa ukaanza, na katika muda wa miaka kumi hivi likawa limesimama.

Hadithi haikuishia hapo. Wayahudi waliruhusiwa kurejea, wakafukuzwa tena mwaka 1499, na kwa takriban miaka 350 hawakuruhusiwa kufanya makazi mjini. Katika karne ya 20 Hitler aliuchagua mji huo kuwa mahali pa mikutano mikuu ya chama chake. Uwanja ule ulipewa jina lake, na mbele ya kanisa lile lile alisimama akipokea saluti za majeshi yake. Mwaka 1935 zilitangazwa humo sheria zilizowavua Wayahudi uraia wa Ujerumani. Agosti 1938 sinagogi kuu la mji likabomolewa. Tarehe 2 Januari 1945 ndege za Waingereza zikaumiminia mji mabomu, na Kanisa la Bikira Maria likabakia kuta na uso wake tu. Lilijengwa upya kati ya 1946 na 1953, miaka ile ile ambayo dunia ilikuwa bado inatafakari hukumu zilizotolewa katika mji huo huo dhidi ya viongozi wa utawala wa Hitler. Kwa hivyo kanisa nililoingia lilikuwa la kale na jipya kwa pamoja. Waliolijenga upya walikuwa na hiari ya kunyamaza. Nyota iliyo sakafuni ni ushahidi kwamba hatimaye kunyamaza kulikataliwa.

Mwalimu yule alipomaliza, mvulana mmoja aliuliza swali. Kama kanisa hili limejengwa juu ya damu, kwa nini lisibomolewe? Mwalimu hakujibu. Aliwageukia wenzake, akangoja. Pakawa kimya. Kisha msichana aliyekuwa nyuma akasema kwamba likibomolewa, hakuna atakayekuja tena kuuliza. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, wala hakuongeza neno. Wakatoka nje kwenye jua, wakanunua aiskrimu kama watoto wa nchi yoyote.

Mimi sikutoka. Nilikaa juu ya benchi la kanisa nikiwa na aibu iliyonirudisha nyuma miaka 15.

Mwaka 2003 nilikuwa mwalimu katika shule moja ya upili ya pwani yetu, na tulifanya safari ya masomo hadi Unguja. Tulizuru kanisa la Kianglikana la Mkunazini, ambalo nalo lina matao yaliyochongoka kwa mtindo wa Gothiki, yakiwa yamechanganyika na nakshi za Kiarabu. Nalo pia limejengwa juu ya maumivu. Pale palikuwa soko la watumwa, hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga baada ya kushurutishwa na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, ambaye walimu wa Kiswahili wanamfahamu kwa kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, na ambaye alizikwa humo humo nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu, sakafuni, pana duara la marumaru nyeupe. Huonyeshwa wageni kuwa ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa.

Wanafunzi wangu walilizunguka duara lile, kama wale wa Nuremberg walivyoizunguka nyota yao. Na msichana mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, "Mwalimu, hawa waliouzwa hapa, waliuzwa na nani?"

Lilikuwa swali fupi na la haki. Lakini niliwatazama waliomzunguka. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa nyumba ambazo zamani zilimiliki watumwa, na walikuwamo wajukuu wa watumwa wenyewe, nao wote wakijuana, maana kwetu pwani mambo haya hujulikana bila kutamkwa. Nikaogopa. Nikamwambia, "Hilo tutalizungumza darasani. Sasa andikeni tarehe." Wakaandika: 1873. Hatukulizungumza darasani juma lile, wala lililofuata. Msichana yule alimaliza shule, akaenda zake, akiwa na tarehe bila jibu.

Ninaamini walimu wengi wana siku yao ya namna hii, ndiyo maana naitoa yangu hadharani. Tunawapeleka watoto kwenye ngome ya Yesu Mombasa, wakahesabu mizinga na kukariri kuwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ni wangapi huwaonyesha kwamba kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya jela, na kwamba waliofungwa humo walikuwa na majina? Tunawapeleka kwenye majengo mazuri kama watu wale wa saa sita mchana: tunainua nyuso, sanamu zinazunguka mara tatu, tunapiga makofi, tunapanda basi.

Najua hoja za upande wa pili, kwa kuwa mimi mwenyewe nimezitumia. Ya kwanza ni kwamba kuyafukua ya kale ni kutonesha donda na kuwagawanya watoto. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua. Watoto wale wa pwani walikuwa wamegawanyika tayari, kwa minong'ono ya nyumbani iliyomfundisha mmoja majivuno na mwingine unyonge. Kunyamaza kwangu hakukuwaunganisha. Kulikiachia kinong'ono nafasi ya mwalimu.

Hoja ya pili ni kwamba waliopo leo hawana hatia ya waliotangulia. Ni kweli, na mwalimu anapaswa kuisema kweli hiyo kwa sauti. Watoto wale wa Nuremberg hawakumchoma mtu, wala hakuna aliyewalaumu. Hatia hairithiwi, ila nyumba hurithiwa, na mrithi wa nyumba ana haki ya kujua msingi wake umekaa juu ya nini.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo ni kwamba historia ya namna hii hugeuka haraka kuwa silaha ya kumpigia jirani. Hapa ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Ningemjibu msichana wangu kwa ukamilifu, ningemwambia kwamba wauzaji walikuwa wengi. Walikuwamo watawala na wapiganaji wa bara waliowateka jirani zao. Walikuwamo wenye misafara kama Tippu Tip, aliyetuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili. Walikuwamo Waarabu na Waswahili wenye mashamba ya mikarafuu na minazi, na matajiri wa Kihindi waliokopesha mtaji. Walikuwamo Wafaransa waliotaka vibarua wa bure katika mashamba ya miwa ya Réunion. Walikuwamo pia watu wa Ulaya na Marekani waliozinunua pembe za ndovu bila kuuliza zilisafirishwa mabegani mwa nani. Ningemwambia kwamba kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa, kwani sheria iliendelea kuutambua Unguja na Pemba hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Jibu lililokamilika halimpi mtu yeyote fimbo ya kumpigia jirani. Ni jibu la nusu ndilo linalompa.

Aidha, ningewaonyesha tofauti iliyopo kati ya makanisa haya mawili, ambayo siku ile ya 2003 sikuwa na uwezo wa kuiona. Soko la Mkunazini lilifungwa kwanza, kisha kanisa likajengwa kutangaza kwamba limefungwa. Nuremberg watu waliuawa ili kiwanja kipatikane. Moja lilijengwa kwa sababu uovu ulikuwa umekomeshwa mahali pale, jingine liliwezekana kwa sababu uovu ulitendwa. Kwa macho, matao yao ni ndugu. Anayetazama matao peke yake hawezi kuzitofautisha habari hizi mbili, na hiyo ndiyo sababu macho hayatoshi.

Wala si lazima mtu apande ndege au mashua. Nairobi tunalo Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la Kigothiki, la mawe, ambalo maelfu yetu hulipita kila siku bila kuligeukia. Jiwe lake la msingi liliwekwa Februari 1917 na gavana wa Kiingereza, Sir Henry Belfield. Mwaka huo huo serikali ilikuwa ikiwakusanya Waafrika kwa nguvu kuwa wapagazi wa vita dhidi ya Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Makumi ya maelfu hawakurudi, waliuawa na njaa, uchovu na maradhi, na jina la jeshi lao la wapagazi limebakia katika mtaa wetu wa Kariakor. Sisemi kwamba kanisa lile lilijengwa kwa damu yao. Kusema hivyo kungekuwa uzushi, na uzushi si dawa ya kimya. Nasema mwanafunzi anayeiona tarehe ya 1917 ana haki ya kuuliza babu wa babu yake alikuwa wapi mwaka ule. Na ana haki ya kujua kwamba Julai 1997 askari waliingia ndani ya kanisa hilo hilo na kuwapiga waliokuwa wakidai mabadiliko ya katiba. Kuta zile zimeshuhudia zaidi ya nyimbo.

Kwa hivyo nina ombi dogo kwa walimu wenzangu, lisilohitaji fedha wala waraka wa wizara. Kabla ya safari ijayo ya masomo, tuwape wanafunzi maswali matatu. Jengo hili lilijengwa na nani? Gharama yake ilitoka wapi? Na kabla halijajengwa, mahali hapa palikuwa na nini, na waliokuwapo walikwenda wapi? Wayatafute majibu maktabani na kwa wazee kabla ya basi kuondoka, ili wakifika wasiwe watalii. Na swali likiulizwa pale pale, tusilipeleke darasani kwa miadi ambayo hatukusudii kuitimiza. Nanyi wanafunzi, mwalimu akiwaambia mwandike tarehe, iandikeni, kwa maana tarehe ina kazi yake. Kisha mkaulize tena.

Nimesikia kwamba kila Desemba uwanja ule wa Nuremberg hujaa vibanda vya soko la Krismasi, mojawapo ya masoko mashuhuri duniani, na watoto hula maandazi ya asali chini ya taa. Soko hilo kwa kawaida huwa wazi hata tarehe 5 Desemba. Sioni vibaya, watoto na wale. Muradi awepo mtu mzima mmoja wa kuwashika mkono, awaingize ndani dakika tano, awaonyeshe sakafu.

Ama yule msichana wa kidato cha tatu, sasa ni mtu mzima, na huenda ni mama au mwalimu. Iwapo anaisoma safu hii, jibu la swali lake limo humu. Limechelewa zaidi ya miaka 20, na namwomba radhi.